Waliofiwa na Gédéon waulizwe kwanza

Katika True Grit, riwaya ya Charles Portis iliyotoka Marekani mwaka 1968, kuna msichana wa miaka 14, Mattie Ross. Baba yake ameuawa mjini Fort Smith na kibarua wake mwenyewe, Tom Chaney, na muuaji amekimbilia eneo la Wahindi wa Amerika, kusikofikiwa na polisi wa mji. Mattie anamwendea askari wa mahakama, Rooster Cogburn, mtu wa jicho moja na mpenda pombe, anapatana naye bei ili wamfuate. Kisha anajitokeza askari wa Texas, LaBoeuf. Naye anamtaka Chaney, kwa kuwa aliua seneta kule kwao, na zawadi yake ni nono. Mattie anakataa katakata: Chaney ajibu kwa damu ya baba yake, si kwa damu ya mkubwa wa mahali pengine.

Ninasomesha hapa Kapolowe, Katanga, nchini Kongo, na kila nikifika kwenye ubishi huo ninamfikiria Gédéon Kyungu Mutanga.

Huyu aliongoza wanamgambo wa Mai-Mai katika nchi ya Mitwaba, Pweto na Manono, ile iliyoitwa pembetatu ya kifo. Alijisalimisha Mitwaba mwaka 2006. Machi 2009 mahakama ya kijeshi iliyoketi Kipushi ilimhukumu kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, akatoka pamoja na wafungwa karibu elfu moja. Miaka mitano akawa porini na kundi lake la wapiganaji, Bakata Katanga, na vijiji vikateketea. Oktoba 2016 akajitokeza tena Malambwe, kifuani fulana yenye picha ya rais, akapokewa kwa sherehe. Hakurudishwa Kasapa, alikwenda kukaa katika nyumba Lubumbashi.

Hapa Kapolowe-Gare kuna mama anayeuza makobo kutoka ziwa la Tshangalele. Alikuja kutoka upande wa Mitwaba na watoto na sufuria moja. Mume wake alibaki kule, kaburini. Redio ilipotangaza habari za Malambwe alikuwa anapaa samaki, magamba yamemjaa mikononi hadi kwenye viwiko. Akaniuliza: "Mwalimu, na mimi nani alikuja kuniuliza?" Sikuwa na jibu la kumpa, na hakuna mkubwa aliyelitoa hadi leo.

Wapo watakaosema amani ina bei yake. Ninawaelewa. Wale vijana waliotoka naye porini, wengi wao walichukuliwa wakiwa wadogo, na ni haki wapokewe, wapewe shamba au kazi. Lakini mkubwa wao alikuwa na hukumu mgongoni, na hukumu haifutwi kwa fulana. Tena amani yenyewe ilidumu muda gani? Mwishoni mwa Machi 2020 watu wake waliingia Lubumbashi, wakaingia na Likasi yetu, mji tunakonunua madaftari na dawa, na damu ikamwagika. Yeye akatoweka nyumbani mwake.

Cogburn si malaika. Anapiga risasi upesi mno, na mahakamani wakili anamhoji juu ya watu aliowaua mpaka anabanwa. Hilo pia linanifundisha kitu: hata mfuatiliaji anadaiwa hesabu. Sitaki Gédéon apigwe risasi gizani halafu maiti ionyeshwe kwenye simu. Ninataka asimame tena mbele ya majaji, na yule mama wa makobo akae kwenye benchi la mbele, asikie jina la mume wake likisomwa.

Mattie alijua nani amebeba kazi ya kumtafuta Chaney, na alimsumbua usiku na mchana. Sisi hatuna wa kumsumbua. Kwa hiyo ninaomba waendesha mashtaka wa jeshi huko Lubumbashi wamtaje ofisa mmoja, kwa jina na cheo, mwenye jukumu la kumfuata Gédéon. Watume pia waandishi Mitwaba, Pweto na Manono, na huku tulikopokea wakimbizi wa vita, waandike madai ya waliofiwa. Na serikali isipatane tena na mtu huyu kabla hao hawajasikilizwa.