Analindwa Nani Huko India?

Kuna mwandishi anayetuambia India haina ajira kwa sababu sheria zake zinamlinda mfanyakazi kupita kiasi: zifutwe, viwanda vitaajiri, na pengo la matajiri na maskini litazibika lenyewe. Analindwa nani?

Sharti analolilalamikia, la mwajiri kuomba kibali cha serikali kabla ya kupunguza watu, kwa miaka mingi lilihusu viwanda, migodi na mashamba makubwa yenye wafanyakazi 100 au zaidi. Lakini takribani wafanyakazi tisa kati ya kila kumi wa India wako katika ajira zisizo rasmi. Nenda kwenye njia panda za Delhi asubuhi. Fundi rangi amesimama na brashi yake, mwashi ameweka mwiko miguuni, wanasubiri mtu wa kuwachukua kwa siku moja. Jua likishapanda hujachukuliwa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Huyo ndiye anayedekezwa na sheria? Machi 2020, wakati wa korona, nchi ilifungwa kwa notisi ya saa nne tu, na vibarua wakatembea mamia ya kilomita kurudi vijijini, wengine bila hata ujira waliokwisha kuutolea jasho.

Mwandishi huyo anasema pia eti kazi za umma vijijini ziliwafanya watu wavivu! Sheria ya 2005 ya kazi hizo iliahidi kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi kwa mwaka. Siku 265 zilizobaki walikula uvivu? Na kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa kuchimba mabwawa na mitaro juani.

Jimbo la Rajasthan lililegeza lile sharti la kibali mwaka 2014, kutoka wafanyakazi 100 hadi 300. Kibarua wa njia panda hana mkataba hadi leo.