Mkimbiaji Asiye na Chipu

Katika mbio nyingi kubwa za barabarani siku hizi, kila mkimbiaji hufungwa chipu ndogo isiyo na betri. Avukapo mkeka wenye antena, mawimbi ya redio huipa chipu nguvu, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Je, mwanafunzi wa Mpanda aliyekimbia bila chombo hicho ahesabiwe kuwa hakukimbia? La hasha.

Mwaka 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alimaliza marathoni ya Olimpiki akiwa wa 57, na wa mwisho, hali ameumia goti. Chipu hazikuwapo; hata hivyo muda wake, saa 3, dakika 25 na sekunde 27, umehifadhiwa hadi leo.

Shule yoyote mkoani Katavi yaweza kufanya vivyo hivyo. Mwalimu mmoja asome saa kila mkimbiaji avukapo mstari, na msaidizi aandike. Mwingine aandike namba za kifuani kwa mfuatano ule ule. Baada ya mstari, wakimbiaji wapite njia nyembamba bila kupitana. Orodha hizo mbili zikilinganishwa, kila muda humpata mwenyewe.

Udanganyifu nao una dawa. Mwaka 1980 Rosie Ruiz alinyang'anywa ushindi wa Boston, kwani waangalizi wa njiani hawakuwa wamemwona. Yafaa, basi, mwandishi wa namba awekwe pia mahali pa kugeukia.

Asiye na chipu asifutwe. Apimwe kwa saa, kalamu na macho ya mashahidi.