Takwimu za Shule Zirudi Zilikohesabiwa

Hivi karibuni kamati ya kupandisha vyeo ya taasisi moja ya elimu ya juu katika jimbo letu la Kivu Kusini imekata shauri: makala iliyochapishwa katika jarida la nyumbani haitampa mhadhiri alama yoyote. Itakayohesabiwa ni ile iliyotoka katika jarida lililoorodheshwa na hifadhi kubwa za kimataifa kama Scopus. Waliopitisha uamuzi huo wanasema wanainua kiwango. Nasema wanakishusha, tena mahali panapoumiza zaidi: kwenye ukweli wa takwimu zinazokusanywa kuhusu watoto wetu.

Tulitazame jambo hili tukiwa Bunyakiri. Ukitoka Bukavu unapita Miti, unakatiza msitu wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, unashuka hadi Bulambika, kitovu cha Bunyakiri, teritwari ya Kalehe. Ukiendelea utafika Hombo, mpakani na Kivu Kaskazini. Tangu vita vya 1996 njia hiyo imepitisha askari, wakimbizi na wafanyabiashara, na nyuma yao wahojaji. Wanauliza kuhusu hofu, njaa, ada na daftari. Mwalimu anajibu, mkurugenzi wa shule anafungua rejista zake, mzazi anasimamisha kazi ya shamba ili ajibu maswali. Kisha wageni wanarudi mjini, na majibu yale yanaendelea na safari ambayo waliojibu hawaambiwi mwisho wake.

Haja ya takwimu hizo ni kubwa. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Kwa hiyo karibu kila tunachosema leo kuhusu idadi ya watoto walio shuleni na wasio shuleni ni makadirio. Septemba 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo na madarasa yakafurika. Mwaka huohuo nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi 14 zilizoshiriki PASEC, upimaji wa kusoma na hisabati kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa sita. Namba zipo, na maamuzi yanazitegemea. La kuuliza ni nani anazisoma na nani ana nafasi ya kuzisahihisha.

Uwanja huu una majarida yake makubwa. Mojawapo lilianzishwa Marekani mwaka 1976 kama Journal of Educational Statistics, na mwaka 1994 likaongeza tabia za watu kwenye jina lake: Journal of Educational and Behavioral Statistics. Kazi inayosifiwa humo ni ya mbinu: modeli za ngazi nyingi zinazomtazama mwanafunzi ndani ya darasa na darasa ndani ya shule, nadharia za namna watu wanavyojibu maswali ya mtihani, njia za kutenganisha sababu na matokeo. Ni elimu nzuri, na tunaihitaji. Lakini tazama inavyotufikia. Shirika la misaada la kimataifa la IRC na Chuo Kikuu cha New York walifanya jaribio kubwa katika shule za msingi za Katanga, shule zikigawanywa kwa bahati nasibu ili kupima mafunzo ya walimu. Matokeo yalianza kutoka mwaka 2015, na mengine mwaka 2017: baada ya mwaka mmoja, faida ndogo katika kusoma na jiometri, na hakuna faida iliyothibitika katika kujumlisha na kutoa. Hayo ni maarifa ambayo kila mwalimu wa darasa la tatu angepaswa kuyajua. Yamechapishwa kwa Kiingereza, katika nchi ambayo mwalimu wake anafundisha kwa Kifaransa na kwa lugha zetu.

Wanaoutetea uamuzi wa kamati wana hoja zao. Wanasema baadhi ya majarida ya nyumbani hupitisha makala kwa urafiki. Ni kweli, hutokea. Wanasema mtafiti asiyeonekana nje hapati ufadhili. Nalo ni kweli. Wanasema sampuli zetu ni ndogo mno kuisaidia sayansi. Hilo si kweli, na jarida lile la Marekani lenyewe linalikanusha. Mwaka 1981 mwanatakwimu Donald Rubin alichapisha humo uchambuzi wa shule nane tu za sekondari zilizowaandaa wanafunzi kwa mtihani wa kuingia chuo. Shule hizo nane zimekuwa mfano unaofundishwa katika madarasa ya takwimu duniani kote. Uchache wa shule haukuwa aibu. Ndio uliozaa swali.

Hoja inayoamua yote, ambayo kamati haikuigusa, ni hii: jarida la mbali linaweza kukagua hesabu, lakini haliwezi kukagua shule.

Mpitiaji aliyeko Chicago akipokea makala kuhusu shule za Kalehe ataangalia modeli, makosa ya makadirio na ukubwa wa sampuli. Ataona kosa la jebra haraka kuliko mimi. Lakini orodha ikionyesha jengo moja lenye wanafunzi wengi kupita kiasi, atajuaje kuwa humo mna shule mbili, moja ya asubuhi na nyingine ya mchana, ya pili ikiwa imehama na watu wake waliokimbia mapigano? Mtoto akikubali kwamba anajihisi salama shuleni, mpitiaji atajuaje kama alifikiria fimbo ya mwalimu au watu wenye silaha barabarani? Swali liliandikwa kwa Kiingereza, likapita kwenye Kifaransa, likasomwa kwa Kiswahili mbele ya mtoto ambaye nyumbani huongea Kitembo. Kila hatua imebadilisha kidogo kinachopimwa, na jedwali la mwisho halionyeshi hata mojawapo.

Kuna pia wale ambao hawakuhesabiwa. Rubin huyohuyo alieleza mwaka 1976 kwamba data zikikosekana, lazima kwanza tuulize kwa nini zimekosekana, kwa maana sababu hiyo ndiyo inayoamua kama tuna haki ya kuzipuuza. Huku sababu inajulikana. Shule zilizo kando ya barabara ya Hombo hufikiwa na gari. Za ndani hufikiwa kwa miguu, siku ambazo njia ni salama. Mapema mwaka 2025 vita vilipofika Bukavu yenyewe, shule zilifungwa. Watoto wanaokosekana kwenye data ni walewale ambao vita na umbali vimewaumiza zaidi. Wastani unaopatikana bila wao unapendeza kuliko hali ilivyo, na hakuna fomula iliyoandikwa mbali itakayourekebisha ikiwa aliyeiandika hajui ni shule zipi zilirukwa.

Anayejua yupo. Ni mkurugenzi wa shule, ni mkaguzi wa eneo, ni mhojaji aliyeambiwa njiani asivuke mto. Watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji, akiwemo Emery Mudinga, Godefroid Muzalia na An Ansoms, wameandika waziwazi juu ya mhojaji wa namna hiyo katika kazi iliyotoka kitabuni mwaka 2020 kwa jina la Bukavu Series: anabeba hatari, jina lake linapotea. Mimi naongeza kwamba likipotea jina lake, linapotea pia alilolijua kuhusu kasoro za data. Basi dhuluma aliyotendewa ni kosa la kitakwimu vilevile.

Hapa subira yangu inaisha. Taasisi yenye wahadhiri waliozaliwa Bulambika, Kalonge na Kabare inawaambia wasiandike kwa wasomaji pekee wanaoweza kuwasahihisha. Inawanyima alama wakichapisha katika Cahiers du CERUKI, jarida la kituo cha utafiti cha ISP Bukavu, ambalo mwalimu mkuu anaweza kulishika mkononi. Kisha taasisi hiyohiyo inalalamika kwenye makongamano kwamba Kongo inasimuliwa na wengine. Haiwezekani kulalamika hivyo huku ukimwadhibu anayejaribu kusimulia nyumbani.

Uamuzi ule ufutwe. Jarida la nyumbani lenye wapitiaji wa kweli lipewe alama kamili, na lile linalopitisha makala kwa urafiki lisipewe, kama ambavyo jarida la ng'ambo linalouza nafasi halistahili chochote. Kila makala kuhusu shule zetu iambatane na muhtasari wa kurasa chache, kwa Kifaransa na Kiswahili, uliorudishwa kwenye shule zilizohesabiwa, na majibu ya shule hizo yaandikwe kama sehemu ya matokeo. Mhojaji aliyebaini kasoro atajwe kama mwandishi. Mhadhiri akitaka pia kuchapisha Marekani, achapishe, nasi tutampongeza. Ila apeleke kule takwimu ambazo Bunyakiri imekwisha kuzisoma na kuzihoji.