Ghala Limejaa, Kikopo cha Mtoto Kitupu

Msafiri aiachaye barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya na kupanda kilima cha Tosamaganga, wakati wa mavuno huyaona mahindi pande zote. Lakini asubuhi, katika njia hiyo hiyo, huwaona pia watoto wakienda shule mikono mitupu, au na kiazi kimoja baridi mfukoni. Wengine hupewa sarafu za kununulia maandazi na pipi.

Yawezekanaje mkoa unaolisha wengine ushindwe kulisha watoto wake? Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima kiwango kilikuwa asilimia 30. Jambo hili haliwezi kusingiziwa uhaba wa mahindi. Tumezoea kudhani kwamba tumbo lililojaa ugali limekwisha kulishwa, na tumemwachia mama peke yake mzigo wa shamba, kuni, maji na jiko.

Watakuwapo watakaosema kwamba kudumaa huanza tumboni mwa mama na katika miaka 2 ya kwanza, hivyo chakula cha shule huja kwa kuchelewa. Kuhusu kimo wanasema kweli. Lakini mtoto mwenye njaa hamsikii mwalimu wa hesabu, na kila mwalimu analijua hilo. Tena msichana wa darasa la 6 leo ndiye mama wa kesho. Akilishwa vibaya, ubaya huo huurithi mwanawe.

Wala hatuanzi leo. Ni Iringa hapa ambapo TANU ilitangaza Siasa ni Kilimo mwaka 1972. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyowafikia wananchi kwa njia ya redio. Na mwaka 1983 Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huu. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wanakijiji wenyewe wakajadili sababu za udhaifu wao, ukiwamo wingi wa kazi za akina mama. Tulijifunza kwamba afya ya mtoto ni ajenda ya kijiji kizima.

Basi, kikopo cha mtoto kitiwe nini? Hakihitaji kitu cha dukani. Kande la mahindi na maharage, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, yai la kuchemsha au karanga, mboga za majani, kipande cha parachichi, na pichesi wakati wa msimu wake. Kanuni ni ile ile tuliyofundishwa shuleni: chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili, vyote vitatu pamoja. Na kipendeze. Mtoto huvutwa na rangi. Achague tunda mwenyewe, aoshe kikopo na kukifunga kwa mikono yake. Chakula alichokiandaa mwenyewe si rahisi akirudishe nyumbani.

Hapa sisi wenye mishahara hatuna budi kujikosoa. Tunawafungia watoto wetu biskuti na soda tukidhani huo ndio ustaarabu. Mtoto wa mkulima aionapo biskuti ya mtoto wa ofisa, hukificha kiazi chake kwa aibu, kumbe kilicho bora ni chake! Mwalimu akila kande mbele ya wanafunzi wake, atakuwa ametoa somo kubwa kuliko hotuba 10.

Hata hivyo, kikopo peke yake hakitoshi. Yupo yatima anayelelewa na bibi, ambaye nyumbani hakuna cha kufunga. Kwake dawa ni chungu cha pamoja: kila kaya itoe mahindi na maharage mara baada ya mavuno, kabla mlanguzi hajafika, na hesabu ibandikwe ukutani kila mzazi aisome. Elimu bila ada haikumwondolea mzazi wajibu wa kumlisha mwanawe.

Mkulima wa Iringa amekwisha kufanya kazi yake shambani. Kilichobaki ni sehemu ya mavuno hayo ifike katika mikono ya mtoto wake saa ya mapumziko.