Tulicheka, wakaponyoka

Kampeni za 2022 zilitupa kichekesho ambacho watu wanakisimulia hadi leo. Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots, akiwa na trakisuti na kitambaa kichwani, reggae ikinguruma, aliahidi kwamba bangi italipa deni la taifa. Na kama bangi haitoshi, tutafuga nyoka tuuze sumu yao, korodani za fisi tuwauzie Wachina. Tingiza mti! Umati ukatingiza. Sisi wanahabari tukapiga picha, tukatunga vichwa vya habari vya kuchekesha, tukaenda nyumbani tumeridhika. Nilikuwa mmoja wao, na nasema mapema ili nisionekane najitoa.

Matokeo yalipotangazwa, Wajackoyah alikuwa na kura 61,969, hata nusu asilimia hazikufika. Basi watu wakahitimisha: mjadala wa bangi umeisha, Wakenya wamekataa. Mimi hapo nakataa. Wakenya hawakuulizwa swali lolote la maana kuhusu bangi. Waliulizwa kama wanataka kucheka, wakacheka, kisha wakaenda kuchagua kati ya wale wakubwa wawili walioachana kwa kura 233,211. Na hao wawili, UDA na Azimio, ndio waliovuna kicheko kile kuliko hata Wajackoyah mwenyewe. Mradi bangi ilikuwa ni mambo ya Wajackoyah, wao hawakulazimika kuwa na msimamo. Ukiwauliza, wanacheka. Ukirudia, wanacheka zaidi. Unaanza kujiona mjinga kwa kuuliza.

Haikuwa lazima iwe hivi. Septemba 2018, mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alimwandikia Spika wa Bunge la Taifa kuomba asaidiwe kuandaa mswada wa kuhalalisha bangi. Humo hamkuwa na nyoka wala fisi. Alitaka mtumiaji asihesabiwe kuwa mhalifu. Alitaka rekodi za waliowahi kufungwa kwa kosa hilo zifutwe. Alitaka sheria ya kusimamia kilimo na matumizi, iwe kwa dawa, viwanda au starehe, na watoto walindwe. Unaweza kuipinga orodha hiyo kipengele kwa kipengele, na huo ndio ungekuwa mjadala. Okoth alifariki Julai 2019 kwa saratani. ODM, chama chake, hakikuuokota mswada. Hakikuukataa pia, maana kukataa kungehitaji sababu.

Kwa nini mbunge wa Kibra awaze kufuta rekodi? Kwa sababu alikulia mtaani, na mtaani sheria hii ina sura. Nimekaa kwenye mahakama moja ya Nairobi, sitaitaja, nikisubiri kesi kubwa ya ufisadi ambayo iliahirishwa. Kabla yake zilisomwa kesi za bangi, mfululizo. Kijana mmoja alisimama kizimbani na misokoto miwili. Karani akasoma shtaka pamoja na thamani ya mtaani, shilingi mia moja. Kijana akakubali kosa haraka haraka, kama mtu anayetaka jambo liishe aende zake. Halijaisha. Rekodi hiyo itamsubiri siku atakayoomba cheti cha tabia njema, na bila cheti hicho hapati kazi ya ulinzi wala ya kuendesha teksi ya mtandaoni. Mwenzake wa mtaa wa kitajiri anavuta kwenye roshani yake, karao hapandi lifti kumfuata. Na akifuatwa, kuna kitu kidogo.

Sasa niwaambie jambo ambalo sisi tuliotunga vile vichwa vya habari hatukuliandika inavyostahili. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilisema ukipatikana na bangi ya matumizi yako mwenyewe, unaweza kufungwa hadi miaka kumi. Mapema 2022, miezi michache kabla ya ile sarakasi ya kampeni, Bunge liliirekebisha. Likawaongezea walanguzi adhabu, na kwa mtu mwenye bangi ya kuvuta mwenyewe likateremsha: isizidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi laki moja. Kumbe walilegeza! Vyama vile vile vilivyokuwa vikimcheka Wajackoyah mwezi wa saba vilikuwa vimeketi Bungeni lilipofanyika hilo. Lakini umesikia nani akijisifu nalo jukwaani? Au akilijutia? Hakuna. Walilifanya kimya kimya, nusu nusu, na wakaacha mlango wazi kwa mwenye laki moja peke yake. Kwa yule kijana wa misokoto ya shilingi mia, laki moja na kifungo ni neno moja.

Ati wanaogopa maaskofu na maimamu. Sidhani. Wanaogopa hesabu. Tazama muguka. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi ikafuata. Hoja zao zilikuwa zile zile tunazosikia kuhusu bangi: vijana wanaharibika, nyumba zinavunjika. Hazikuwa hoja za kupuuzwa. Lakini Embu ilipopiga kelele, Ikulu haikucheka. Rais Ruto alikutana na viongozi wa huko, na ndani ya siku chache tukaambiwa marufuku hiyo ni batili, muguka ni zao linalotambuliwa kisheria. Muguka una mkulima, mkulima ana kura, na kura zake zinajulikana zilipo. Bangi ina mshtakiwa, na mshtakiwa haendi Ikulu kunywa chai.

Tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima kutumia bangi faraghani si kosa, ikaliachia Bunge miezi 24 kurekebisha sheria. Wanasiasa wakajikokota, miezi ikapita, miaka ikapita. Ramaphosa alitia saini Mei 28, 2024, na uchaguzi ulikuwa kesho yake. Huko pia hesabu ilitangulia. Tofauti ni kwamba kuna mtu aliyewalazimisha wajibu.

Najua kuna msomaji anayetaka kuniuliza: wewe, umemwona kijana aliyepoteza akili kwa bangi? Nimemwona. Karibu kila ukoo una wake, nasi tuna wetu. Bangi inaweza kumvuruga kijana, hasa aliyeanza mapema, na anayekwambia ni majani tu kama sukuma wiki anakudanganya. Ndiyo maana nataka mjadala wenyewe. Chama kinachoamini bangi ni balaa kije na mpango wa balaa: wauguzi wangapi, vituo vingapi vya matibabu, pesa kutoka wapi. Rumande haijamtibu mtu. Na chama kinachoamini ni biashara kituambie leseni atapewa nani, kwa sababu namna ninavyoijua nchi hii, siku bangi ikihalalishwa shamba la kwanza litakuwa la mheshimiwa, na yule kijana wa misokoto miwili hataajiriwa hata kupalilia. Ana rekodi.

Hapo ndipo Roots wenyewe walipokosea, si kwenye fisi. Kwenye jukwaa lao bangi ilikuwa dola kwanza. Okoth alianza na watu.

Basi 2027 inakuja, na watakuja tena na magari yao ya rangi zote na muziki. Mgombea wako akifika, usimwulize kama anaunga mkono bangi. Hapo atacheka, nawe utacheka, ameponyoka. Mwulize aliyeshikwa na msokoto mmoja akae ndani miaka mingapi, halafu mwulize rekodi yake itafutwa lini. Akianza kucheka, ngoja amalize. Kisha mwulize tena.