Unataka kuwa dispacha wa ndege? Isome hewa kabla ya kulipa karo

Vijana wa Kariokor wamekua na sauti ya ndege masikioni. Hapo jirani, Eastleigh, ndiko kulikuwa na kiwanja cha ndege cha Nairobi kabla ya kile cha Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, na mpaka leo ni kambi ya jeshi la angani. Lakini muulize kijana wa mtaa akutajie kazi za ndege. Atakupa mbili: rubani na mhudumu wa abiria. Basi.

Kuna ya tatu. Dispacha ndiye anayepanga safari kabla injini haijawashwa: ndege ipite wapi, ibebe mzigo na mafuta kiasi gani, na ikishindwa kutua inakoenda ikimbilie wapi. Kazi hii hufanywa chini, mbele ya kompyuta, na karo yake haikaribii ile ya urubani. Ndiyo maana matangazo ya kozi hizi yanazunguka sana kwenye simu zenu.

Msimamo wetu ni huu: usitoe pesa ya mzazi, wala ya chama, kabla hujajua kama hali ya hewa ni kitu unachoweza kukipenda. Kwa sababu ukiimenya kazi hii, ndani utakuta hewa.

Anza na mfano huu: HKJK 120600Z 06008KT 9999 BKN020 18/14 Q1022.

Usishtuke, si nywila ya WiFi. Ni ripoti ya hewa ya uwanja, inaitwa METAR. HKJK ni JKIA. Kinachofuata ni tarehe 12, saa 0600 kwa majira ya dunia. Hapo wengi hujikwaa. Kenya iko mbele kwa masaa matatu, kwa hivyo simu yako itaonyesha 9:00, na nyanya yako atakwambia ni saa tatu asubuhi. Wakati ni mmoja, hesabu ni tatu, na dispacha hana ruhusa ya kuzichanganya.

Tuendelee. Upepo unatoka kaskazini mashariki, digrii 60, kwa noti 8, kama kilomita 15 kwa saa. 9999 maana yake macho yanafika kilomita 10 au zaidi. BKN020 ni mawingu yaliyofunika sehemu kubwa ya anga, futi 2,000 juu ya uwanja. Joto ni nyuzi 18, na hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 14 itaanza kutoa umande. Q1022 ni kanieneo ya hewa, ambayo rubani huiweka kwenye kifaa cha kupima kimo.

Kukariri hayo ni wiki moja. Kazi ni kujua yanamaanisha nini. Ukiona joto limeshuka mpaka 13/13 alfajiri na upepo umetulia, akili yako iwaze ukungu na mawingu ya chini. Hayo ndiyo huzifanya ndege za alfajiri zishindwe kutua JKIA na kupelekwa Mombasa au kwingine. Na mafuta ya kufika Mombasa hayapatikani angani. Yalipakiwa kabla ya safari, au hayapo.

Kanuni za kimataifa zinataka jeti ibebe mafuta ya safari, ya mambo yasiyotarajiwa, ya kufika uwanja mbadala, halafu ibakishe akiba ya dakika 30. Ukipakia machache, unacheza na maisha ya watu. Ukijaza tu bila sababu, unachoma pesa, maana ndege hutumia mafuta kubeba mafuta.

Halafu kuna kimo. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua la mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi; mabawa na injini vinapoteza nguvu. Ndege inayopaa Mombasa ikiwa imejaa huenda Nairobi ikalazimika kupunguza mzigo.

Ziwa Victoria nalo lina tabia zake. Mchana upepo wa ziwa husukuma unyevu kuelekea nchi kavu, na jioni radi hupasuka upande wa Kisumu na Kericho. Usiku mambo hugeuka: mvua ya radi huhamia juu ya ziwa lenyewe, mara nyingi mpaka asubuhi. Haya si mambo ya mtihani tu. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwa ndani, 19 walikufa. Hapa kwetu, Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi ilianguka Marsabit katika hewa mbaya na kuua watu 14, wakiwemo wabunge. Ajali huwa na sababu nyingi, lakini hewa haisamehi anayeidharau.

Kwa hivyo jiulize kama una kifua cha kusema hapana. Itafika siku abiria wamejaa, wakubwa wanapiga simu, kila mtu anataka ndege iondoke, na karatasi yako inasema ingoje. Cheti hakitakusaidia hapo kama huelewi ulichosoma.

Sasa kuhusu vyuo. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, si chuo. Viwango vya kimataifa vinataka uwe umetimiza miaka 21. Shule ya EASA kule Embakasi, iliyo chini ya KCAA, hufundisha kozi hii, na mamlaka huorodhesha vyuo ilivyoviidhinisha. Chuo kikikuahidi leseni ya wiki chache na kazi Dubai, tembea. Tena tusidanganyane: nafasi si nyingi, na kujuana bado kunafungua milango.

Hapo ndipo tunawageukia wakubwa. KCAA, mashirika ya ndege na Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti, njooni Eastlands. Ingieni shule za Kariokor, Ziwani na Pumwani mueleze kazi hii kwa lugha ya watu. Nafasi za mafunzo kazini zitangazwe wazi, ili mtoto wa fundi viatu aone tangazo siku ileile analoliona mtoto wa kapteni.

Wewe nawe usingoje waje. Ripoti za METAR na utabiri wa viwanja, yaani TAF, ziko bure mtandaoni. Chukua daftari. Kila jioni andika utabiri wa JKIA, kesho yake andika kilichotokea, halafu eleza kwa nini vimetofautiana. Fanya hivyo siku 30. Ukichoka siku ya kumi, umeokoa karo ya mzazi. Ukifika siku ya thelathini na bado una maswali, hapo sasa nenda ukatafute chuo.