MITO NA BAHARI: Baramundi, Binamu wa Sangara



Wasomaji wetu waliokulia Mwanza, Kisumu au Entebbe hawahitaji kuelezwa sangara ni nani. Basi na wajue kwamba anaye binamu yake ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika mito ya kaskazini mwa Australia, aitwaye baramundi. Umbo ni la ukoo mmoja: paji lililobonyea, mdomo mpana, mgongo ulioinuka, na macho yanayong'aa kwa wekundu yakimulikwa usiku. Sangara humshinda uzito. Hata hivyo, baramundi aliyepita urefu wa mita moja ndiye ndoto ya kila mvuvi wa huko, na watu huvuta mashua zao kwa magari mamia ya kilometa kumfuata.

Wengi huelekea Mto Daly, kusini-magharibi ya Darwin, unaomwaga maji yake katika Bahari ya Timor. Ni nchi ya mikoko, tope na nyasi ndefu, ambako waweza kukaa kutwa nzima usimwone mtu. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, mto ukafurika na kuyafunika mabonde. Mvua zikipungua, maji yale hurudi mtoni kupitia vijito, yakibeba dagaa na kamba wasio na pa kujificha. Hapo ndipo msimu unapopamba moto. Katika mlango wa kijito, pale maji meusi ya bondeni yanapokutana na maji ya tope ya mto, huonekana mstari kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Baramundi hujibanza chini ya mstari huo, akingoja riziki iletwe na mkondo. Mvuvi hurusha chambo cha bandia, samaki wa mti au wa plastiki mwenye ndoana, kisha humvuta polepole kwa kumshtua-shtua mithili ya dagaa aliyejeruhiwa.

Sisi watu wa pwani twajua bamvua na maji mafu, lakini kipimo cha huko ni kingine. Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka takriban mita 4. Darwin hufika karibu mita 8. Mvuvi mwenye akili hutazama kwanza jedwali la maji kabla ya kutazama sanduku la chambo. Saa zipendwazo ni mwisho wa kupwa na mwanzo wa kujaa, wakati samaki wanapokusanyika kwenye magogo na miamba. Asiyejua hesabu hiyo huingia katika hori maji yakiwa yamejaa, akashtukia mashua imekaa juu ya tope, naye hana budi kungoja saa nyingi hadi maji yarudi.

Na kungoja huko si mchezo, maana mto una wenyewe. Mamba wa maji chumvi waliwindwa kwa ajili ya ngozi zao hadi wakakaribia kwisha, ndipo Northern Territory ikapiga marufuku kuwawinda mwaka 1971. Leo wanakadiriwa kufika 100,000. Mamba huyo hajali kama maji ni ya chumvi au matamu, na dume kubwa hupita mita 5. Kwa hiyo wenyeji hawasafishi samaki ukingoni, hawaning'inizi mikono nje ya mashua, wala hawarudi kuteka maji mahali pale pale kila siku, kwa kuwa mamba hujifunza desturi za mtu. Wazazi mnaokwenda na watoto, wakalisheni katikati ya mashua. Mtoto wa mjini hudhani kila maji ni ya kuogelea.

Jambo la ajabu kuliko yote ni maumbile ya samaki huyu. Baramundi huanza maisha akiwa dume. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi akishapita sentimeta 80 hivi, hugeuka jike. Basi wale wakubwa wanaotamaniwa kupigwa picha karibu wote ni majike, na jike mmoja hutaga mayai kwa mamilioni huko kwenye milango ya mito, kwani mayai hayana uhai bila chumvi. Amchukuaye huyo hupunguza kizazi kizima. Kanuni za Northern Territory zinakataza kumchukua aliye chini ya sentimeta 55. Idadi inayoruhusiwa na miezi ya kufungwa hutofautiana mto kwa mto, nazo hubadilishwa. Zisomeni kabla ya safari.

Wengi wa huko huvua, hupima, hupiga picha, kisha humrudisha samaki majini. Je, yafaa kumtia kiumbe ndoana kwa burudani tupu? Hilo waulizeni wanavyuoni wenu. Rai yangu mimi ni kuvua kwa nia ya kitoweo: chukua wa sentimeta 60 au 70, na ukishatosheka, kunja mshipi. Akinasa jike kubwa, mwachie upesi bila kumtoa majini, ukitumia koleo refu wala si mkono. Ncha za mashavu yake hukata kama wembe, na mamba tumekwisha kumtaja.

Kibali nacho ni lazima. Mwaka 2008, katika kesi ya Blue Mud Bay, Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba maji yanayofunika ufuo wa ardhi ya Waaborijini yamo katika mamlaka yao. Mabaharia Waislamu wa Makassar, waliokuwa wakija pwani hiyo kuvua majongoo wa bahari hadi mwaka 1907, walifanya biashara na wenyeji hao kwa vizazi vingi. Sehemu nyingine huruhusiwa bila masharti makubwa, nyingine haziruhusiwi kabisa.

Kwa wapishi: aliyevuliwa karibu na bahari ana nyama nyeupe na tamu, wa madimbwi ya bara hunuka tope, naye ataka ndimu nyingi na tui zito.